Mto unaojaa saa nane mchana

Mjomba aliishika simu yangu mbali na uso, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaukodolea macho mchoro. Tulikuwa chini ya mkungu pale pwani ya Msasani, asubuhi ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali na ngalawa zimelala ubavu topeni. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja: umelala usiku kucha, umelala asubuhi yote, halafu mchana umesimama wima, ukakaa juu hadi usiku, ukashuka.

"Huu ni mto?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Kumenyesha huko juu?"

"Hakujanyesha. Jua kali tupu."

"Mwezi?"

"Mwezi hauhusiki."

"Sasa nani kayaleta haya maji?"

Nikamweleza. Watu wa huko Marekani joto likiwazidi mchana wanawasha viyoyozi, umeme unatakiwa mwingi, bwawa linawasha mitambo, mto unajaa.

"Na wakizima?"

"Mto unakupwa."

Akanirudishia simu. "Basi huko usiende na kalenda ya mwezi, mwanangu. Tafuta mtu wa umeme."

Vijana waliokuwa wakishona nyavu wakacheka. Nilicheka nami. Lakini wiki zimepita na maneno yale hayajanitoka.

Mwaliko

Binamu yangu yuko Arkansas, Marekani, na kila akipiga simu wimbo ni uleule: "Kaka, njoo nikupeleke ukavue trauti." Mto anaousema ni White River, chini ya bwawa la Bull Shoals, jirani na mji mdogo wa Cotter unaojiita makao makuu ya trauti Marekani. Tumekubaliana Julai ijayo.

Mimi ni mtu wa mshipi wa mkono. Mwisho wa wiki napanda boti ya watu Kunduchi, tunatafuta changu, na bahari ikiwa na huruma tunapata kolekole. Trauti simjui ila kwa kusikia: samaki wa maji baridi, ambaye wakoloni walimleta wakampanda kwenye mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu upande wa Mbeya ili wapate cha kuvua wakikumbuka kwao.

Kwa hiyo nilianza kupanga kama ninavyopanga safari yoyote ya kuvua. Hapa kwetu maswali yanajulikana. Ni bamvua au maji mafu? Upepo ni kaskazi au kusi? Chambo kipo? Ukishajibiwa hayo, unalala.

Kwa mto huu maswali yangu yote yalikufa mkononi.

Mto wenye ofisi

Bwawa la Bull Shoals lilikamilika mwaka 1951, na Rais Truman akaenda kulizindua mwaka uliofuata. Lina mitambo minane ya kufua umeme. Wavuvi wa kule wanaupima mto kwa hiyo mitambo: leo mmoja, kesho mitatu, keshokutwa yote minane. Mtambo mmoja ukifanya kazi kwa nguvu zake zote unapitisha zaidi ya lita 80,000 za maji kila sekunde. Yafikirie maboza manane ya maji, yale ya lita 10,000, yakimwagwa yote kwa sekunde moja, na sekunde inayofuata mengine manane. Huo ni mtambo mmoja. Zidisha kwa nane.

Ukuta ni wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Umeme unauzwa na wakala wa serikali kuu yao wenye makao Tulsa, Oklahoma, na wakala huo hutoa leo makadirio ya kesho, saa kwa saa. Mvuvi anafungua simu jioni anajua kesho saa ngapi maji yatakuja.

Nilifurahi sana nilipoiona hiyo ratiba. Nikajiambia, mambo ndiyo haya.

Kisha nikakutana na onyo linaloambatana nayo: ratiba inaweza kubadilika wakati wowote bila taarifa.

Sababu yake ukiielewa unazidi kupata wasiwasi. Kituo cha makaa ya mawe kikizimika, kukiwasha upya ni kazi ya saa nyingi. Mtambo wa maji unaamka kwa dakika. Kwa hiyo gridi ikiyumba, kituo kikikatika ghafla mbali huko ambako huna habari nako, anayepigiwa simu kwanza ni mtu wa bwawa. Wewe umesimama mtoni, maji ya magoti, jua zuri, hakuna wingu, na mto unaanza kupanda kwa sababu ya hitilafu iliyotokea jimbo jingine.

Mwezi haujawahi kutuchezea hivyo.

Halafu kuna suala la saa, ambalo Mswahili mwenzangu utalielewa bila maelezo marefu. Binamu aliniandikia: "Kesho maji yanaanza saa mbili." Nikakaa na ujumbe ule. Saa mbili yetu ya asubuhi, au mbili yao ya mchana? Kati ya hizo mbili kuna asubuhi nzima ya mtu kuwa katikati ya mto. Nikampigia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, mimi siku hizi natumia zote, inategemea naongea na nani." Tangu hapo tunaandikiana kwa saa za jeshi: 08:00, 14:00. Ni jambo dogo, lakini mimi nalihesabu katika vifaa vya safari pamoja na ndoano.

Jiwe

Mitambo ikizimwa, mto ule unabaki na maji kidogo tu. Tangu mwaka 2013 kuna kiwango cha chini ambacho lazima kiachiwe ili usikauke, na kwa kiwango hicho kokoto zinatokeza, vinatokea visiwa, mtu anatembea hadi karibu na ng'ambo. Ndipo wavuvi wanapoingia. Trauti wanaonekana kwenye maji meupe wakipanda kudokoa wadudu, na unawarushia ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Kila picha anayonitumia binamu ni ya saa hizo.

Ndizo saa zinazonitia shaka.

Maji yakifunguliwa bwawani hayafiki kila mahali kwa pamoja. Karibu na ukuta kuna honi inayolia kabla ya mitambo kuwashwa. Cotter iko maili nyingi chini, honi haisikiki, na maji yanachukua saa kadhaa kufika. Kwa hiyo ratiba ya bwawa siyo ratiba ya miguu yako. Lazima ujue ulipo, ujumlishe mwendo wa maji, kisha ndipo useme "nina muda." Na kinyume chake pia: bwawani wamezima tangu alfajiri, wewe chini bado unaona mto umefurika na unalaumu ratiba ni ya uongo. Mimi nimezoea bahari ambayo ikijaa Feri imejaa na Kunduchi. Kichwa changu kilichukua muda kukubali mto mmoja wenye saa tofauti kila kona.

Wenyeji wana dawa yao. Ukiingia majini, chagua jiwe lililozama nusu, nusu kavu. Litazame mara kwa mara. Likianza kuzama, usimalizie mrusho wa mwisho, toka. Majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, toka. Sauti ya mto ikibadilika, toka. Na usivuke kwenda ng'ambo ambako huna njia ya kurudia. Baki upande uliokuja nao.

Nilipoanza kusoma haya nilikuwa na kiburi cha mtoto wa pwani. Kuogelea nimejifunza kabla ya kusoma. Lakini maji yale yanatoka chini kabisa ya bwawa, yako nyuzi 10 hivi, na mwili uliokuzwa na bahari ya Dar haujui baridi hiyo. Maji ya namna ile yanakata pumzi kwanza, kisha vidole vinagoma kukutii, na ufundi wote wa kuogelea unabaki kichwani. Hiyo suruali ya mpira inayofika kifuani ikiingia maji kwa juu ndiyo basi, ndiyo maana inafungwa mkanda kiunoni.

Ilifika siku nikamwambia mke wangu habari za safari kwa nusu saa nzima. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa samaki umewataja wapi?"

Samaki wa fidia

Kwa hiyo nikarudi kwa samaki. Na huko nako sikupata utulivu.

White River haukuwa mto wa trauti. Ulikuwa mto wa maji ya uvuguvugu wenye samaki wake wa asili, hasa besi wa kienyeji, na watu walikuwa wakishuka nao kwa mashua siku nyingi wakivua. Bwawa likaja. Ziwa refu lenye kina likikaa juani, maji ya juu yanapata joto na yale ya baridi, ambayo ni mazito, yanalala chini. Njia ya kwenda kwenye mitambo iko chini huko. Kwa hiyo kiangazi kizima, nje watu wanatota jasho, mto unatoka ukiwa baridi kama wa milimani. Samaki wa zamani hawakuweza kuzaliana humo.

Serikali yao ikajenga kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki pale Norfork katika miaka ya 1950, jirani na bwawa la tawi la mto huohuo lililojengwa mwaka 1944. Shabaha iliandikwa wazi: kufidia uvuvi ulioharibiwa na mabwawa. Wakamwagwa trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni mito ya pwani ya Pasifiki, na trauti wa kahawia, ambao asili yao ni Ulaya.

Waliponawiri, walinawiri kweli. Mwaka 1992, kwenye Little Red River wa jimbo hilohilo, chini ya bwawa la Greers Ferry alilolizindua Kennedy mwaka 1963, mtu alivua trauti wa kahawia wa kilo 18 na zaidi, rekodi ya dunia kwa miaka mingi. Kilo 18, kwenye mto ambao kabla ya ukuta ule haukuwa wa trauti. Na wakati wa baridi kali chini ya Bull Shoals kuna karamu ya ajabu: vidagaa vya ziwani vinazidiwa na baridi, vinapitia kwenye mitambo, vinatokea upande wa pili vimekufa au vimelewa, na trauti wakubwa wanakaa palepale wakipokea. Mitambo inawalisha.

Sidharau. Miji midogo ya kule inaishi kwa samaki hao, kuna manahodha, nyumba za wageni, maduka ya ndoano. Ukienda leo kuwaambia wenyeji kwamba trauti si wa kwao wanaweza kukutupa majini mitambo minane ikizunguka.

Lakini nilijiuliza kuhusu yule kijana wa mwaka 1940 aliyekuwa akivua besi pale. Aliulizwa? Fidia ilitolewa kwa mto, na anayekuja kuichukua ni mimi, mgeni wa kutoka Dar es Salaam mwenye binamu.

Sehemu ya maji hayo

Usiku mmoja mwezi huu wa Septemba nilikuwa kitandani, saa nne. Kule ni saa nane mchana. Nilikuwa nautazama ule mstari ukiwa bado umelala, nikisubiri, maana ratiba ilisema sasa hivi. Ukainuka. Mtambo mmoja, miwili, minne. Nilifurahi kama niliyetabiri goli.

Kiyoyozi changu kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa.

Nikaishusha simu kifuani.

Sisi wa Dar mabwawa tunayajua kwa upande mmoja tu. Mtera tunaijua kwa kina chake kwenye taarifa ya habari, kwamba ikishuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari basi tuandae mishumaa. Mwaka 2006 tuliomba mvua zinyeshe Iringa na Mbeya, tukiombea friji zetu. Sikumbuki hata siku moja nilipojiuliza nani amesimama majini chini ya Kidatu mitambo inapowashwa. Bwawa lilikuwa swichi. Huko kwenye ncha nyingine ya waya nilidhani kuna ukuta na wahandisi, basi.

Sasa tuna Bwawa la Nyerere, kwenye Mto Rufiji. Megawati 2,115, mitambo tisa, limeanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Mimi ni mmoja wa waliofurahi, na bado nafurahi. Aliyewahi kusoma kwa koroboi, au kulisha familia kwa saluni ya kutegemea jenereta, hafundishwi kulichukia bwawa lile, na mimi sijaja hapa kumfundisha mtu.

Ila baba yangu mdogo yuko Utete, kando ya mto huo, chini ya bwawa.

Asubuhi nilimpigia. Baada ya shikamoo na marahaba, la kwanza aliuliza yeye: "Umeme upo huko?" Nikamwambia upo. Akasema alhamdulillahi. Kisha nikamuuliza swali ambalo katika umri wangu wote sijawahi kumuuliza: mto siku hizi unapanda lini?

Alicheka. "Zamani ungeniuliza hilo ningekujibu." Akanisimulia kama anayenielekeza njia. Mvua za bara zikinyesha, wao wanasubiri. Maji yanakuja, yanapanda mashambani, yanakaa, yanaacha udongo. Yakiondoka tu, unafuata nyuma yake na mbegu, udongo ungali na unyevu. Ndiyo mahindi ya mlau. Kalenda yao ilikuwa maji yenyewe. Kwenye mafuriko walipoteza pia, hilo hakulificha, wapo waliopoteza kila kitu. Hiyo Aprili ya 2024 mnaikumbuka, pamoja na mabishano yake, kwamba ni mvua au ni mageti ya bwawa, siyarudii.

"Na sasa mnajuaje?"

"Mtoto wa dada yetu yuko Mloka, karibu na bwawa. Maji yakibadilika anapiga simu."

Nikamwuliza kama kuna ratiba, kitu cha kubandika ukutani, cha kutumiwa kwenye simu. Akauliza ratiba ya nini. Nikamweleza habari za Arkansas: mvuvi anayekwenda kujifurahisha Jumamosi anajua leo mitambo mingapi itazunguka kesho, saa kwa saa. Baba mdogo alikaa kimya, nikadhani simu imekata.

"Huyo anavua kula?"

"Hapana. Wengi wanamrudisha samaki majini."

"Na anajua saa?"

"Anajua saa."

Hakusema zaidi, akaniuliza habari za watoto.

Sijui ni kwa nini jambo hili lilinichoma kuliko lile la baridi na suruali ya mpira. Labda kwa sababu lilinigeuza upande. Wiki zote nilikuwa nikiwaza jinsi ya kujikinga na watu wa Arkansas wanaowasha viyoyozi bila kujua niko mtoni kwao. Saa moja usiku Dar inaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu, mitambo ya Rufiji nayo inaitwa. Sehemu ya maji hayo ni yangu. Mjomba aliposema nitafute mtu wa umeme hakujua amekaa naye mkungu mmoja.

Mke wangu anasema nisizidishe, kiyoyozi kimoja hakiwezi kuzamisha Utete. Kweli. Lakini hata kule Arkansas hakuna kiyoyozi kimoja kinachojaza mto.

Mpango ulivyo hadi leo

Naendelea na safari. Aprili na Mei nimezifuta, kwa sababu mvua za kule zinajaza maziwa yaliyofuatana juu ya mto, Beaver, Table Rock, kisha Bull Shoals lenyewe, na baada ya hapo maji yanaachiwa kwa wiki na wiki. Vuli nayo hapana: kiangazi kikishapita, maji ya chini ya ziwa yanakuwa yameishiwa hewa, trauti wanachoka, na kumpigisha mbio samaki aliyechoka si uvuvi. Wakati wa baridi ndiyo karamu ya vidagaa, lakini mimi nimekulia Kinondoni, tusidanganyane. Julai inabaki. Asubuhi maji huwa chini, mchana joto linapanda na mto nao. Jumamosi na Jumapili ofisi nyingi zimefungwa, umeme unatakiwa kidogo, ingawa mtoni ndiko wanakojazana.

Siku ya kwanza siingii majini. Nitakaa kwenye zile mashua zao ndefu za chini bapa pamoja na nahodha wa pale, niuone mto ukiwa mtupu na niuone ukiwa umejaa, mahali palepale. Leseni ya mgeni na kibali cha trauti, ambacho ni cha kulipia peke yake, binamu ataniongoza. Viza yenyewe bado, kwa hiyo huenda nimeandika haya yote kwa mto nitakaouona kwenye simu tu.

Kabla ya hapo, Desemba, naenda Utete. Baba mdogo amesema nije na ndoano kubwa, kambale wapo, na nimletee betri ya simu kwa sababu ya kwake haikai na chaji, na Mloka wakipiga hasikii.

Juzi nilimtumia binamu masharti yangu. Kwamba tutaandikiana kwa saa za jeshi tu. Kwamba hakuna kuvuka ng'ambo hata samaki awe na ukubwa gani. Kwamba jiwe nitalichagua mimi, na likizama hatujadiliani. Kwamba bila jaketi la kuokolea siingii mtoni.

Alijibu hilo la mwisho peke yake: "Jaketi nishanunua kaka. La kwako nimechukua kubwa kabisa, tumbo nimeliona kwenye picha za Idi."